Jina Lake Nani? Siri

Kila ninaposikia harufu ya moshi wa majani makavu, ulimi wangu huonja maziwa. Kwetu Karagwe maziwa hayakumiminwa hivi hivi katika chombo chochote. Mama alichukua ekyanzi, chombo cha maziwa kilichochongwa kwa mti, chembamba shingoni na kinene tumboni, akakiinamisha juu ya kijungu chenye makaa na majani ya porini, akauacha moshi upande ndani taratibu mpaka chombo kizima kinukie. Maziwa yaliyokaa humo yalikuwa na ladha ya moshi, ya ngozi ya ng'ombe, na ya kitu kingine ambacho hadi leo sijakipatia jina. Mtoto wa wafugaji huipenda harufu hiyo kabla hajajua kusema. Mimi nami niliipenda, hadi kiangazi kile dada yangu Kemi alipoacha kunywa maziwa, na harufu ile ile ikaanza kunitia hofu.

Tulikaa Bugene, upande wa nyuma ambako migomba huishia na nyasi za malisho huanzia. Baba alikuwa na ng'ombe wake, kahawa kidogo, na jambo moja lililomuuma: alikuwa ameacha shule akiwa na darasa la nne. Kwa sababu hiyo alitunga sheria kwamba nyumbani kwake, watu wakikaa kula, Kinyambo, lugha yetu, kibaki mlangoni pamoja na viatu. Mezani tulisema Kiswahili. Sheria ilikuwa nzuri, ila ndimi zetu zilikuwa na sheria yake nyingine. Mnyambo hapatani na herufi "l". Akikutana nayo huigeuza "r", tena kwa moyo mweupe, bila kujua kwamba ameigeuza. Baba alipotuita chakulani alisema, "Njooni, ni wakati wa kura," na mgeni wa kutoka pwani angedhani kwamba katika nyumba ile tulipiga kura kila jioni. Hatukucheka, maana hatukusikia kosa lolote. Sote tulisema hivyo hivyo.

Miongoni mwa vitu tulivyovisema hivyo kilikuwepo kitendawili cha kuimba. Hakuna aliyejua kimetoka wapi. Wasichana tulikiimba tukiwa tumeshikana mikono duara, wakati wa kuchunga ndama au kugeuza kahawa juani, na kiliimbwa kwa sauti ya chini kama watu wanaonong'ona kanisani. Kilisema kwamba mtu fulani aliletwa toka mbari, kwa bwana mwingi wa mari, maziwa na fimbo kari. Kisha mmoja aliuliza, "Jina rake nani?" na wote tukajibu, "Siri!" Tukishajibu tulinyamaza kabisa, tukitazama chini. Atakayecheka au kusema wa kwanza, ndiye ambaye mwenye jina lile angemfuata nyumbani.

Kwamba mwenye jina ni mke wa mfalme, hilo tulilijua. Wazee walitusimulia kuwa zamani, wafalme wa Karagwe walipokuwa na makao yao kule Bweranyange, wake wa mfalme walitakiwa wanenepe kwa maziwa mpaka washindwe kusimama. Walinyweshwa asubuhi hadi jioni, na msimamizi alikaa kando na fimbo. Uzuri wao ulipimwa kwa jinsi walivyotambaa. Mmoja wao, walisema, hakunenepa. Alikufa au alipotea, kila msimulizi na lake, na jina lake likakatazwa kutajwa, likasahauliwa. Tangu hapo anazunguka vilima akitafuta mtu wa kumwita. Msichana akikataa maziwa bila ugonjwa wowote, watu walisema, "Yule mwanamke amemkalia kooni." Na dawa yake? Kumwita yule mwanamke kwa jina, naye atageuka aondoke. Lakini nani amwite, ikiwa jina lenyewe ni siri? Hapo mazungumzo yaliishia, na mtu akaongeza kuni motoni.

Kemi alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, na jina lake halikutoka kati ya waliochaguliwa kuendelea. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kwa bega. Kiangazi kilipoanza, Shangazi, dada yake Baba, aliwasili kutoka Kyerwa amepakia mizigo yake kwenye bodaboda, na katikati ya mizigo hiyo kulikuwa na ekyanzi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Kwetu shangazi ndiye amwandaaye mwali. Alipofika hakukaa hata kupumzika, alimzungusha Kemi kama anavyozungushwa ndama wa mnadani, akambana mkono juu ya kiwiko, akasema, "Mwana wa kaka yangu, watu wazito wanakuja kukuona. Watakuona nini, mifupa?" Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba Kemi anaposwa. Familia ya wafugaji wa kule Kyerwa, watu wa ng'ombe wengi na jina zuri, walikuwa wametuma neno. Kemi hakuulizwa. Iliulizwa ekyanzi tu, kama imejaa.

Siku za mwanzo alikunywa. Shangazi alikaa kando yake na ufito mapajani, akisema ni mzaha tu, ni mila, na kweli hakumpiga. Lakini ufito ulikuwepo, na macho ya Kemi hayakutoka juu yake. Mimi nilikaa kizingitini nikichambua mchele, na kila niliposikia mkoromo wa maziwa yakishuka kooni mwake, niliikumbuka ile "maziwa na fimbo kari". Kisha asubuhi moja Kemi alifunga kinywa. Hakuacha maziwa peke yake: aliacha ndizi, aliacha maharage, aliacha kucheka. Aliacha hata kutujibu. Alikaa ukutani juani, mikono mapajani, akitazama upande wa Bweranyange ambako moshi wa nyasi zilizochomwa ulifunika vilima hata jua likawa jekundu mchana kweupe.

Jioni ile Baba alimsogezea kikombe akamuuliza kwa Kiswahili chake cha mezani, "Kemi, una nini wewe?" Nikaisikia sauti, ndogo na kavu, ikitoka pale alipoketi dada yangu: "Siri." Mama aliacha kijiko. Baba alirudia swali, na sauti ikarudia, "Siri." Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Ukimuuliza kwa Kinyambo, kimya. Ukimuuliza kwa Kiswahili anaumwa wapi, nani kamuudhi, anataka nini, jibu lilikuwa hilo moja, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Mimi nililala naye kitanda kimoja, na nilianza kulala nikimpa mgongo.

Wakubwa hawakuogopa jambo nililoliogopa mimi. Wao waliogopa jambo la wakubwa. Binti anayekataa chakula, anayechukia harufu ya maziwa, na akiulizwa anasema ana siri, watu wazima hujua maana yake bila kuambiwa. Nilimsikia Shangazi akimwambia Baba nyuma ya zizi, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu anaficha tumbo. Tuwaite wale watu upesi, kabla halijasema lenyewe." Baba aliinamisha kichwa, akaupiga udongo kwa ncha ya fimbo yake. Sijawahi kumwona amezeeka kiasi kile. Alisema waitwe Jumamosi. Hivyo neno moja, ambalo hakuna aliyelichunguza, likawa linamsukuma dada yangu nje ya nyumba yetu, naye akiwa anakonda mbele ya macho yetu.

Kulikuwa na mambo mengine pia, na nitayasema kama nilivyoyaona, msomaji aamue mwenyewe. Shangazi alimwachia Kemi kikombe kimejaa kila asubuhi, na akirudi alikikuta kitupu, akafurahi. Lakini midomo ya Kemi ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nikafuata nzi, nikayakuta maziwa nyuma ya nyumba, yamemwagwa kwenye shina la mti wa mpakani, yameganda juu ya majani. Kwetu kumwaga maziwa ni kitu ambacho hata kichaa hakifanyi. Na Kemi hakuwa ameinuka pale ukutani, kwa maana mimi nilikuwa nimekaa naye muda wote. Tena ng'ombe mwekundu, mpole kuliko wote, alianza kukataa kukamuliwa Kemi akiwa karibu. Alitazama mahali palipokuwa wazi kando ya dada yangu, akapumua kwa nguvu, akarudi nyuma. Nikaamua kwamba lazima nilipate lile jina. Sikuwa na dawa nyingine, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Ijumaa nilitumwa Kayanga kununua chumvi na sukari ya wageni. Duka tulilolizoea lilikuwa la Waislamu waliotokana na wafanyabiashara wa pwani walioingia Karagwe enzi za misafara, na barazani alikaa mama wa mwenye duka, Bi Zuhura, mweupe wa nywele, akichambua karafuu za chai. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura," akaitika, na nilipokuwa nasubiri nipimiwe sukari nikajikuta naimba kile kitendawili kwa pumzi. Bi Zuhura aliinua kichwa.

"Toka wapi, mwanangu?"

"Toka mbari," nikasema.

"Mbari ndiyo nini? Mbali! Nyinyi Wanyambo mmekutana na 'l' mkaila yote, hamkumbakizia mtu." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaimba mwenyewe, polepole, na kila neno lilitoka kinywani mwake limeoshwa: "Aliletwa toka mbali, kwa bwana mwingi wa mali, maziwa na fimbo kali."

Alisema wimbo ule ulikuwa wa bibi yake, aliyekuja na misafara, akaona mengi katika ua wa mfalme, kwa kuwa wanawake waliruhusiwa kuingia na shanga za kuuza. Nikamuuliza mstari wa mwisho. Bi Zuhura aliacha karafuu. Alisema bibi yake kila akifika hapo alijiziba mdomo kwa kiganja, akasema yule haitwi ovyo, na yeye Bi Zuhura hajawahi kuusikia. "Nyie ndio mnao," akasema, na hakuwa anacheka tena. "Shika sukari yako uende, jua linakwenda."

Nilirudi kwa miguu nikiufundisha ulimi wangu. Mbali. Mali. Kali. Ilinibidi niupeleke ulimi mbele, niubandike nyuma ya meno, na kila nilipofaulu nilihisi kama nasema kwa kinywa cha mtu mwingine. Kabla ya kufunga shule mwalimu alikuwa ametufundisha vina: kwamba mtunzi hodari hafungi mistari mitatu kwa sauti moja kisha wa nne akautupa kwa nyingine, labda awe amechoka. Mbali, mali, kali, siri. Nikasimama. Kwa ndimi zetu za mbari na mari na kari, siri ilikaa vizuri kabisa, hakuna ambaye angeishuku. Kwa ulimi wa Bi Zuhura ilichechemea. Mtunzi yule hakuwa amechoka. Alitaka "li", sisi tukampa "ri", kama tulivyompa kila mahali. Nikaupeleka ulimi mbele, nikaubandika nyuma ya meno, nikasema: "Jina lake nani? Sili."

Sili. Aliketishwa mbele ya maziwa na fimbo, akaulizwa, akasema hali. Walipokwisha kulikataza jina lake, wageni wa pwani waliokuwa uani walimwita kwa neno lake lenyewe. Si siri iliyokuwa imefichwa miaka yote ile, ni msichana aliyesema hapana, nasi tukamwimba vibaya. Njia pale inapita kati ya mashamba ya migomba, na alasiri ile hapakuwa na ndege aliyelia wala jani lililotikisika. Nyuma yangu nikasikia maziwa yakitikisika ndani ya chombo, chubwi, chubwi, kama mtu anayetembea amebeba ekyanzi iliyojaa. Nikaacha kulitamka, na sauti ikanyamaza. Sikugeuka. Nilitembea, kisha nikakimbia, na harufu ya moshi wa majani makavu ilinifuata mpaka langoni, ingawa nyumbani siku hiyo Mama hakuwa amefukiza chombo chochote.

Jioni ile nilitaka kusema, lakini Baba alikuwa na wazee wa ukoo, na mtoto haingilii baraza. Nilimnong'oneza Kemi kitandani habari ya lile neno. Hakugeuza kichwa.

Jumamosi wageni walifika, wanaume wenye kofia na mama mmoja aliyevaa kitenge cha thamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu, na Mama aliwaandalia kila tulichokuwa nacho. Baada ya salamu na sala Shangazi alimleta Kemi akamketisha kwenye mkeka katikati ya chumba. Ekyanzi ile kubwa ikawekwa mbele yake, ili wageni waone jinsi binti wa nyumba hii anavyoyapokea maziwa. Ufito ulikuwa kwenye mapaja ya Shangazi. Nilitazama mkeka, chombo na fimbo, nikaona kwamba wimbo mzima umeketi pale sakafuni, umebaki mstari mmoja.

"Kunywa, mwanangu," Baba alisema. Kemi hakusogea. "Una nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa inaomba.

"Siri."

Yule mama mwenye kitenge alimgeukia mumewe. Mzee mmoja aliweka bilauri yake chini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na pale watu wote walidhani Kemi amejikwaa ulimi mbele ya wakwe. Shangazi aliunyanyua ufito kidogo sana, labda bila kujua. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na sikumbuki kuliweka chini. Nakumbuka ulimi wangu nyuma ya meno.

"Si siri, Baba! Ni sili! Amesema hali! Kila siku anakwambia hali, hataki, na wewe unasikia siri! Hata yule wa kwenye wimbo si Siri, jina lake ni Sili!"

Nililitaja kwa sauti kubwa, kama nilivyolipata njiani. Chumba kikawa baridi, sisemi zaidi ya hapo. Kisha kifuniko cha ekyanzi kilianguka chenyewe, kikabingirika ukutani, na chombo kikainama polepole, kama mtu anayepiga goti, kikalala. Hakuna aliyekuwa karibu nacho isipokuwa Kemi, na mikono ya Kemi ilikuwa mapajani. Maziwa yalikimbia juu ya mkeka, yakapita katikati ya miguu ya wageni, yakavuka kizingiti yakaenda nje. Mbwa wetu, ambaye hakuwahi kuacha maziwa maishani mwake, aliyaruka akakimbia. Mama alishika rozari yake.

Maji yakimwagika hayazoleki, seuze maziwa mbele ya wakwe. Wageni walisimama kwa adabu, wakashukuru, wakasema watatuma neno, nasi sote tulijua kwamba hawatalituma. Shangazi alilia kwa aibu. Baba alibaki amesimama na miguu yake imelowa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya chakulani: aliiacha sheria yake. Alichuchumaa mbele ya Kemi akamuuliza kwa Kinyambo, lugha ambayo haikuwahi kumdanganya, kama hataki kuolewa. Kemi alimtazama. Kisha akatikisa kichwa kwamba hataki, akaanza kulia, na kilio kilikuwa chake, kwa sauti yake niliyoijua. Baba alimshika kichwa, akawa anasema "mwanangu, mwanangu" tu. Mama alimletea uji wa moto, akanywa wote.

Siku hizi ninaishi mjini, na maziwa ninayonunua yamo katika pakiti, hayanuki chochote. Wanangu wanaitamka "l" yao bila kuifikiria, na mdogo wao hunicheka mimi inaponiponyoka. Baba alikwisha tangulia. Kemi ana duka lake la kushona pale Kayanga, aliolewa akiwa mtu mzima, kwa hiari yake, na mwanamume ambaye hajui hata kukamua. Kule Bugene wasichana hawaimbi tena kile kitendawili. Nimewauliza, hawakijui. Sijui kama ni kwa sababu wameshughulika na simu, au kwa sababu kitendawili kilichoteguliwa hakina la kuwangojesha watu.

Mwaka huu nilipokwenda likizo nilikaa na Kemi dukani kwake, cherehani imenyamaza, tukikumbushana. Nilimwambia jambo nililokuwa nimeliweka kifuani tangu utoto: kwamba alikuwa jasiri, kuketi pale siku zote zile na kutujibu neno lilo hilo, sisi viziwi tusisikie. Alicheka kwa bega, kisha kicheko kikamwisha.

"Neno gani, Koku?"

"Sili. Ulipokuwa unaulizwa na Baba."

Alishika kitambaa alichokuwa anakishona, akakiweka chini tena. "Mimi sikumjibu Baba hata siku moja," alisema. "Koo lilikuwa limefunga. Nilikuwa nawasikia mnaniuliza, halafu nawaona mnashtuka, na sikujua mnashtushwa na nini. Nilikuwa nangoja Baba aniulize kwa Kinyambo."

Nilirudi mjini, na jioni ya kwanza binti yangu mdogo alisukuma kikombe chake cha maziwa katikati ya meza akasema, "Sili, mama." Baba yake alifungua kinywa kumhimiza. Nilimwekea mkono begani anyamaze, nikakichukua kile kikombe, nikakiondoa mezani.